Kikao cha Dharura Kuhusu Sauti ya 'M'e Puseletso

CHAMA CHA WASIOONA "MAMELLO", MAFETENG

Tarehe: Jumamosi, 14 Juni 2025
Mahali: Chumba cha kompyuta, nyuma ya kanisa
Waliohudhuria: 'M'e (Mama) Mampho Ramakatsa (Mwenyekiti), Ntate (Bwana) Rantsane Lekhooa, Ntate Tsietsi Mokhethi, wanachama wengine wanane, na Pheello Nkuatsana (Katibu, mwenye jicho moja linaloona)
Mwenye udhuru: Ausi (Dada) Limpho, aliyeandika programu yetu, yuko Bloemfontein, alisikika kwa simu

KUMB. NA. 1/6/2025: KUFUNGUA
Kikao kilifunguliwa saa 4:20 asubuhi. Kumbukumbu zilizopita zilisomwa na Katibu kwa mdomo wake. Kwa miaka saba zilikuwa zikisomwa na kompyuta. Hakuna aliyesahihisha neno.

KUMB. NA. 2/6/2025: KILICHOTOKEA
Katibu alieleza kwamba tarehe 31 Mei kompyuta ilileta tangazo refu la Kiingereza. Programu inayowasomea wanachama, kwa sauti ya marehemu 'M'e Puseletso, mke wa Ntate Tsietsi, iliyorekodiwa akiwa hai, ililisoma. Kwa kuwa ilifundishwa Kisotho tu, ilitamka Kiingereza kwa tahajia ya kwetu, ambamo "li" husomwa "di". Wanachama walicheka hadi mmoja akapaliwa na uji. Katibu naye akabonyeza "Ndiyo" bila kusoma, kwenye kompyuta zote tatu. Tangu hapo sauti haijasikika.

Ntate Rantsane alisema: "Sisi kumi na moja hatuoni, tukamwachia mwenye jicho. Mwenye jicho ndiye katupofusha mara ya pili."

Mwenyekiti alimtaka afute kauli. Alikataa. Katibu alisema isifutwe.

KUMB. NA. 3/6/2025: MAELEZO YA AUSI LIMPHO
Alieleza kwamba programu aliiandika kwa toleo la pili la lugha ya kompyuta iitwayo Paithoni. Toleo la tatu halielewani nalo. Tangazo lilionya kwamba programu za zamani zitaondolewa, na sauti ilikuwa humo humo ndani.

"Programu nitaiandika upya, bo-ntate le bo-'m'e," alisema. "Sauti ndiyo siwezi. Nakala mliweka wapi?"

Ilibainika kwamba kuweka nakala kuliazimiwa mwaka juzi, KUMB. NA. 6, mtekelezaji Mwenyekiti. Mwenyekiti alisema: "Nilijua ipo tu. Kitu unachokisikia kila siku, nani anakiwekea akiba?" Aliomba radhi.

KUMB. NA. 4/6/2025: SAUTI MPYA
Mwenyekiti alijitolea kurekodiwa. Ntate Rantsane alisema ataunga mkono endapo Mwenyekiti ataahidi kutotugombeza ndani ya mashine pia. Iliazimiwa hivyo, kura kumi na moja.

Ntate Tsietsi hakupiga kura. Alimwambia Katibu hana kinyongo na mtu. "Nilikuwa nakuja Jumamosi kusomewa gazeti. Gazeti lenyewe sina haja nalo, abuti. Tangu tumzike, hapa ndipo alipokuwa."

Aliomba jambo moja: maneno ya mwisho ya sauti hiyo yaingizwe katika kumbukumbu hizi, kama yalivyosikika siku ile, ili awe anasomewa.

Katibu aliulizwa. Maneno hayo hayakuingizwa, kwa kuwa Katibu hayakumbuki. Alikuwa anacheka.

KUMB. NA. 5/6/2025: KUFUNGA
Mafuta ya jiko yalikwisha, wanachama wakajifunika mablanketi yao kwa baridi. Kikao kilifungwa saa 6:05 mchana. Ntate Tsietsi alibaki kwenye kiti chake mbele ya kompyuta.

Mwenyekiti: M. Ramakatsa (dole gumba)
Katibu: P. Nkuatsana