Rimoti Kwenye Koti Lako

Ndugu yangu Wafula,

Naanza na kosa langu, kwa sababu nikianza na salamu nitalia na barua haitaandikika. Rimoti ya projekta nilikuzika nayo.

Cheka tu. Ungekuwepo ungeshika mbavu, useme, "Madam, wewe hata kuzika unazika mbio mbio." Lakini haupo, na hapa nyumbani hakuna anayecheka.

Unajua asubuhi ile ilivyokuwa. Hapana, hujui, wewe ndiye uliyekuwa umelala mochari. Walisema nguo zifike kabla ya saa nne. Nikakimbilia chumba chako, nikatoa lile koti la kijivu nyuma ya mlango, nikalikunja, nikalibeba kifuani kama mtoto. Sikupekua mifuko. Na nilijua, Wafula, nilijua kabisa kwamba ukiwa likizo rimoti inakaa mfuko wa ndani ili watoto wangu wasiichezee. Zile siku nne za homa yako ya mapafu zilinifuta akili yote. Sasa rimoti iko Kimilili, chini ya udongo, kifuani mwako.

Hayo sikuyajua mpaka tuliporudi Nakuru. Tulishakuzika, tukanyolewa nywele siku ya tatu kama desturi, tukafunga virago. Jumapili ya kwanza Mama akakaa kwenye kiti chake, akaugeukia ukuta mweupe, akasema, "Niwekee Wafula."

Alitaka zile salamu zako. Kila Jumapili ukiwa kazini Olkaria, kwenye visima vya mvuke, ulijirekodi, ukaziweka kwenye akaunti yako, nami nikazifungua ukutani tukitoka kanisani. Uso wako mkubwa kama mlango! Kwenye simu Mama haoni kitu. Presha ya macho ilishamla jicho la kushoto, na la kulia lilibaki kuona vitu vikubwa tu. "Mulembe, Mama," ulimsalimu kwa lugha yetu pale ukutani, naye alikujibu, "Mulembe, papa," kwa sababu ulibeba jina la baba yake. Daktari alishatuambia hata hilo la kulia halina muda. Kwa hiyo usifikiri nilikuwa natafuta mambo ya sinema. Nilitaka akuone kabla hajaacha kuona. Hicho tu, Wafula, sikumwomba Mungu kingine.

Nikaiwasha projekta kwa kitufe cha juu. Ikaanza kutafuta waifai ya zamani, ile iliyoandikishwa kwa jina lako, iliyokatwa ulipofariki. Mimi nilikuwa nimeleta nyingine, kiboksi kipya chenye jina lake na neno lake la siri. Na kuiambia projekta ihamie huko lazima uwe na rimoti. Simu yako imefungwa kwa namba uliyoijua wewe peke yako. Akaunti yako inafunguka mahali pamoja tu duniani, ndani ya hiyo projekta. Ilikaa pale mezani ikitafuta, ikitafuta, na Mama akingoja na mikono mapajani.

Nilipindua makochi. Nilimfokea binti yangu, nikamwambia ni yeye aliyeipoteza. Mtoto aliapa huku analia. Ndipo nikalikumbuka koti, nikakaa sakafuni. Nilimwomba msamaha, lakini wewe nitakuomba wapi?

Niliipeleka kwa yule fundi anayewafungia vyombo watu wa Milimani. Akaigeuza mara mbili, akanirudishia. "Mathe, hii bila rimoti yake ni tofali tu." Nikanunua za mjini, zile wanazosema zinaingiliana na kila kitu. Nilijaribu tatu. Hakuna hata moja iliyoitikiwa.

Siku moja, Mungu anisamehe, nilikaa jikoni nikiwaza jembe. Nilikuwa napanga maneno ya kuwaambia wazee wa nyumbani ili waniruhusu kufukua kaburi la ndugu yangu kwa sababu ya rimoti! Mboga iliungua, harufu ndiyo ilinizindua. Nikaogopa. Sijawahi kumwambia mtu hilo.

Basi nikaacha. Nikaifunika projekta kwa kitambaa. Kila Jumapili Mama aliuliza, nami nikamjibu, "Wiki ijayo, Mama." Unanijua, uchungu wangu hutokea mdomoni. Mara moja nilimrukia, "Kwani mimi ni fundi?" Hakuuliza tena.

Ijumaa iliyopita nilikuwa ofisini shuleni nikichapa barua za wazazi. Mwalimu wa kompyuta akaingia kuchukua karatasi, nami nikamsimulia habari yote, si kwa kutaka msaada, ni ili nipumue. Hata hakuketi. "Madam, si ina tundu la USB hapo nyuma? Chomeka kipanya, bonyeza kama kwenye kompyuta."

Nikatazama mkono wangu wa kulia. Ulikuwa juu ya kipanya. Miaka kumi na moja ya ukarani nakishika kila siku ya Mungu, na wiki tisa nilikuwa nalilia kitu ambacho kilikuwa chini ya kiganja changu. Aki, Wafula, wewe ungeniambia kwa simu, dakika moja, ukila mandazi. Nilikichomoa nikakitia kwenye mkoba bila kumuaga mtu.

Jumamosi mchana nikafunga mapazia, nikachomeka. Mshale mdogo ukatokea ukutani. Nikatafuta jina la kiboksi chetu, nikabonyeza neno la siri herufi moja moja, nikakosea, nikarudia. Nilikuwa nakusikia kabisa: "Pole pole, Madam. Wewe hata pasi unaipigia kelele." Ikashika. Nikafungua ile salamu ya mwisho, ya kabla hujaja likizo. Ukajaa ukuta mzima, nywele hujachana, mvuke unapanda nyuma yako.

"Mulembe, Mama," ukasema.

"Mulembe, papa," Mama akajibu. Lakini alikuwa amegeukia dirishani.

Nikamwambia, "Mama, huku, ukutani." Akageuza kichwa, akaupita ukuta, akasimama kwenye kabati. Kisha akaniambia kwa upole, kama anayeomba radhi, "Nekesa, tangu wiki jana sioni hata dirisha. Ulikuwa na mambo mengi. Sikutaka kukuongezea."

Wiki jana! Nimechelewa kwa wiki moja, ndugu yangu. Ningekuwa mtu wa kuuliza watu badala ya kufoka, angekuona. Hilo litakaa na mimi, na usinitumie mtu wa kuniambia nijisamehe.

Nilimwinua, nikamshika mkono, nikauweka ukutani juu ya shavu lako. Akapapasa rangi ya ukuta. Tulikuwa tumesimama katikati ya mwanga, kwa hiyo nusu ya uso wako ikaanguka mgongoni mwake, kwenye leso yake ya bluu. Ukaendelea kuongea. Akasikiliza kwa makini, halafu akaniuliza, "Ananiangalia?"

Hukuwa unamwangalia. Ulikuwa umegeuka kumjibu mwenzako aliyekuita kutoka pembeni, unacheka.

Nikasema, "Ndiyo, Mama. Anakuangalia wewe tu."

Lala sasa, Wafula. Sina faraja ya kukutumia, nami sijabakiwa na yoyote. Ninachoweza kukuahidi ni hiki: kila Jumapili nitafunga mapazia na kuiwasha, nitakaa kando yake nimweleze umevaa nini, umenyoa au hujanyoa, nani amepita nyuma yako. Nitamwambia kila kitu kama kilivyo, bila kufoka. Isipokuwa akiuliza tena lile swali. Hilo nitamdanganya kila Jumapili, mpaka siku atakapokuja huko akuulize mwenyewe. Na akikuuliza, tafadhali, mdogo wangu, usinikane.

Dada yako,
Nekesa