Mashua Uliyoitengeneza Kaloleni

Mpendwa Baba Akinyi,

Baridi imeingia tena Nairobi, ile ya Julai isiyo na mvua wala jua, nami nimekumbuka mwaka ule, mwishoni mwa miaka ya sabini, ulipoleta mashua nyumbani kwetu Kaloleni.

Ulikuwa umepita mwezi mmoja na nusu tangu tumzike Ochieng, mtoto wetu wa pili, aliyeishi wiki tisa tu. Wewe, seremala wa karakana ya reli, ulilitengeneza jeneza lake kwa mikono yako. Tangu siku hiyo hukulitaja jina lake, nami sikulitaja. Tulizungumza juu ya unga, makaa na sare ya Akinyi, basi.

Kisha Jumamosi moja ukaja na pikapu ya rafiki yako, na nyuma yake mashua kuukuu ya tanga. Mzungu mmoja uliyewahi kumtengenezea milango alikuwa anarudi kwao, akakupa. Rangi ilikuwa imebambuka, na mbao tatu za ubavuni zimeoza. Mliishusha kando ya nyumba, pale nilipokuwa nikianika nguo. Mama Wambua, jirani yetu, alitoka akaizunguka, akaniuliza, "Mama Akinyi, sasa huyu mzee wako anataka kwenda wapi na hiyo? Mto wa hapa haufiki hata magotini."

Mimi sikucheka. Nilikuambia, "Umeniletea jeneza lingine."

Uliifunika kwa turubai, ukaingia ndani ukanywa chai.

Wiki zilizofuata, kila ukitoka kazini ulishika randa kabla hata ya kuvua viatu. Ulizitoa mbao zilizooza, ukapinda mpya kwa mvuke wa debe la maji juu ya jiko. Nilikuwa nikiusikia msasa wako nikisonga ugali, nikauchukia.

Jumapili moja nilikuletea chai kwa sababu tu Akinyi, ambaye ndiye aliyekuwa akikuletea, alikuwa amelala na homa. Nikakukuta umepiga magoti, shavu umeliegemeza kwenye ubao, unalia bila sauti. Nilitaka kurudi ndani, lakini ukaniona.

"Kitu cha mwisho nilichotengeneza kwa ajili ya nyumba hii ni kile cha mtoto," ulisema. "Siwezi kuacha kiwe cha mwisho."

Niliweka kikombe chini. Nikakuomba msamaha kwa lile neno langu, ukaniambia yamekwisha. Kisha nikauliza tanga litashonwa na nani, maana lile la zamani lilikuwa limetobolewa na panya. Siku ya pili yake nikatoa cherehani yangu barazani.

Nilivunja sindano nne kwenye kile kitambaa kigumu. Tulijaza pamba kwenye nyufa, wewe ukigonga kwa patasi butu, mimi nikikukatia vipande. Mama Wambua akaacha kutania, akawa anatuletea viazi vitamu vya moto.

Agosti ilipokwisha tuliipeleka kwenye bwawa la upande wa Langata. Sikujua kuogelea, wewe mtu wa ziwani ulinicheka. Mashua ilivuja. Ulisema mbao zitavimba na kujiziba zenyewe, nami nikaendelea kuchota maji kwa kopo. Upepo ukalijaza tanga langu lenye mishono iliyopinda. Tulipofika katikati, mbali na watu wote, nikasema, "Ochieng angekuwa ameanza kukaa."

Ulinigeukia, mkono kwenye usukani. "Nilifikiri hutaki nimtaje."

"Mimi nilifikiri umemsahau."

Tulilia wote wawili, na mashua ikajiendea hadi kwenye matete. Ulilazimika kushuka na suruali yako ya kanisani uisukume.

Tulirudi pale Jumapili nyingi, mpaka magugu ya maji yalipolifunika bwawa, ukamwachia mashua fundi mwenzako.

Sasa ni mwaka wa pili tangu uondoke. Wageni wakija hulikwepa jina lako, wakidhani wananihurumia. Juzi Akinyi alikuwa akinisimulia jambo la utotoni, akafika mahali ulipokuwa wewe, akanyamaza na kuniangalia usoni. Nikamwambia, "Mtaje baba yako." Akakutaja. Tulikaa jikoni mpaka chai ikapoa, naye akanieleza mambo yako ambayo sikuwahi kuyasikia. Nilicheka, Baba Akinyi, nikalia, nikamwambia aendelee.

Pumzika salama.

Mkeo,
Mama Akinyi