Mguu wa Kulia Mbele: Maelezo Kuhusu Ubao Mweupe

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Limehifadhiwa kwa kuwa shahidi ni mtoto. Wenzake humwita Kinyume.
Umri: Miaka 16
Kazi: Mwanafunzi
Makazi: Ghorofa ya tatu, juu ya duka la rangi. Anaishi na mama yake na kaka yake.

Afande Sajenti ameniruhusu niandike mwenyewe badala ya kusema, kwa sababu nikisema mbele ya watu sauti yangu inakimbilia tumboni. Shuleni nasoma kwa lugha mbili, na ukweli ni kwamba naweza kunyamaza vizuri kwa zote mbili. Vifaa vya mchezo huu nilivijua kwanza kwa lugha ile nyingine, kwenye video, kwa hiyo nilipokosa neno nimeeleza kitu chenyewe kilivyo.

Ubao unaolalamikiwa ni wangu. Chini yake hufungwa foili, yaani mlingoti wa alumini wenye bawa kama la ndege kwenye ncha. Mkononi unashika bawa jingine, la kitambaa, lililojazwa upepo. Ukipata mwendo, lile bawa la chini linauinua ubao juu ya maji na unapaa. Aliyenieleza mara ya kwanza sikumwamini.

Ubao huo aliununua kaka yangu, fundi wa majokofu, mwaka jana, kutoka kwa daktari mmoja mwanachama wa klabu ya pale bwawani aliyekuwa anahama. Siku ya kuchagua, watu wote wa klabu walinishauri nichukue ubao mkubwa, na ukubwa huo hupimwa kwa lita, kadiri ubao unavyoweza kuelea. "Chukua wa lita mia na kumi, utakua tu." Sikubishana nao. Nilimwandikia Kaka ujumbe kwenye simu, huku amesimama hatua mbili kutoka nilipo. Nilimwambia nina kilo arobaini na nane, kwa hiyo huu wa lita sitini na tano unanibeba hata upepo ukikatika, na ule mkubwa nitakuwa nausukuma kama kabati. Kaka alisoma, akanitazama, kisha akamgeukia daktari. "Bosi wangu amesema mdogo."

Juu ya ubao kuna mikanda miwili ya kuingizia miguu. Karibu kila mtu klabuni hutanguliza mguu wa kushoto. Mimi hutanguliza wa kulia. Nilijaribu kubadilika, nikanywa maji ya bwawa hadi nikaijua ladha yake, mwishowe nikasema basi. Jina la Kinyume nililipata hapo. Nililichukia sana, ila sikuwahi kumwambia mtu. Mkanda wa mbele niliufunga ukielekea kushoto, kwa sababu mguu wa kulia ukitangulia, vidole hutazama kushoto. Wiki ile ile ya kwanza niliifunga yote miwili, na tangu hapo sijaigusa.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, siku ya Jumamosi, asubuhi, Kaka alikuwa amebeba ubao kichwani tukielekea bwawani. Mimi nilikuwa nyuma yake na mfuko wa bawa na foili. Tulipofika kwenye banda la kukodisha vifaa, mwenye banda alitoka mbio.

"Simama hapo hapo! Mwizi wangu nimempata!"

Kaka aliuteremsha ubao taratibu. "Mzee, umefananisha. Huu ni wa mdogo wangu."

"Huyu? Huyu asiyejua hata kusalimia watu?"

Ni kweli alikuwa amepotelewa na ubao wiki mbili nyuma, wa kampuni ileile, mweupe wenye mstari wa machungwa. Hilo watu wote wa bwawani walilijua. Watu walijaa. Wa klabu walijua nina ubao kama huo, lakini daktari alishahama, na hakuna aliyethubutu kuapa kwamba ndio huu. Mwenye banda akaniinamia usoni, akasema, "Haya, sema basi. Ni wako?"

Mdomo ulifunguka lakini halikutoka neno.

"Mnaona wenyewe!" akawaambia watu.

Polisi waliitwa, wakamchukua Kaka mbele yangu, pamoja na ubao. Hakunilaumu. Aliniambia tu nisiache mfuko juani.

Mchana huohuo nilikuja kituoni na Mama. Pale kaunta niliona viatu vya Kaka, mkanda wake wa suruali na begi lake la kazi, vimewekwa pamoja kama vitu vya mtu asiyerudi. Sajenti alituambia kwamba Jumatatu atafikishwa mahakamani. Mama aliniinamia sikioni. "Mwanangu, leo ukinyamaza, tutarudi nyumbani wawili."

Ubao ulikuwa umeegemezwa ukutani, upande wa mikanda ukitazama ukuta. Mwenye banda alikuwa amekaa kwenye benchi akimweleza kila anayeingia, "Miaka miwili naupanda ule ubao. Ile mikanda nimeifunga kwa mkono wangu huu. Naujua kama ninavyoujua mlango wa kwangu."

Niliposikia neno mikanda, nilisimama. Nilimsogelea Sajenti nikamnong'oneza, "Afande, kabla hujaugeuza, muulize anatanguliza mguu gani."

Sajenti alinitazama kidogo. Kisha akauliza kwa sauti, "Mzee, ukiwa majini mguu gani unakaa mbele?"

"Wa kushoto, afande. Kama binadamu wote." Akanitupia jicho. "Isipokuwa wachache."

Watu wa klabu waliosimama mlangoni walicheka. Mimi, kwa mara ya kwanza, kicheko kile hakikuniuma.

Sajenti aliulaza ubao chini, akaingiza mguu wake wa kushoto kwenye mkanda wa mbele, na buti lake. Kifundo kilipinda vibaya akauchomoa haraka. Akaingiza wa kulia, ukakaa sawasawa.

"Mzee," alisema, "au huu wa kushoto wako uliota upande wa kulia?"

"Hiki kitoto kimeihamisha jana!" alifoka. "Skrubu hizo kazi ya dakika mbili!"

Hapo ndipo nilipozungumza. Nilisema, "Afande, fungua mkanda," na sauti ilitoka kubwa mpaka mimi mwenyewe nikageuka kuangalia nani amesema.

Bisibisi ilitolewa kwenye begi la Kaka. Mkanda ulipofunguliwa, kila mtu aliinama kuona. Sponji inayofunika ubao ilipauka zamani kwa jua, ikawa ya kijivu kama majivu. Lakini pale chini ya mkanda ilikuwa nyeusi tii, kama siku ilipotoka dukani, na umbo lile jeusi lilielekea kushoto. Sehemu nyingine yote ilikuwa imeungua kwa jua. Matundu mengine ya skrubu, ya kuufungia mkanda uelekee upande wa pili, yalikuwa yamejaa mchanga mkavu ulioshikana, haujaguswa.

"Jua haliwezi kuchora hivi kwa siku moja," nilisema.

Sajenti alipitisha kidole pale penye weusi, mara mbili.

Mwenye banda alisimama. Alisema maneno ya sponji hayaendeshi ubao, yeye anaweza kutanguliza mguu wowote, na kama tunabisha twende majini tukaone ubao unamtii nani. Hilo halikutoka kwangu. Alilitaka mwenyewe.

Jioni, upepo ukiwa mzuri, tulikuwa ufukweni na ubao, mkanda ukiwa umeshafungwa tena palepale. Sajenti alikuja na askari mmoja, na Kaka aliletwa akiwa na pingu. Mwenye banda ni mtu wa kilo zake tisini na kitu. Sasa, ubao wa lita sitini na tano haubebi mtu wa kilo tisini aliyesimama tu. Mzoefu anaweza kuanza akiwa amezama, upepo ukamtoa, lakini ni lazima awe anaujua ubao huo kwelikweli, na yeye alisema anaujua kama mlango wa kwake.

Alipanda. Ubao ulizama hadi vifundoni, ukazama hadi magotini, kisha ikazama heshima yake yote. Alijaribu tena. Mara ya tatu alitoka na jani la bwawani sikioni.

"Upepo mdogo!" alipiga kelele.

Sajenti alikuwa ameshika kofia kichwani. "Mzee, hii kofia nimeikimbiza mara mbili."

Kisha akanigeukia. "Na wewe, binti?"

Watu walikuwa wengi. Nilikaza skrubu za mlingoti, nikafunga kamba ya kifundoni, nikaingia. Nilisimama, na ubao ulinibeba. Mguu wa kulia uliingia kwenye mkanda wake bila kutafuta. Nilivuta bawa, nikapata mwendo, nikahamisha uzito nyuma kidogo tu.

Ubao ukitoka majini, kelele yote inakatika. Husikii mawimbi, husikii watu. Unabaki mluzi mwembamba wa mlingoti chini yako. Nilikwenda hadi kwenye boya, nikageuza. Wengine wakirudi hubadilisha miguu. Mimi nilirudi na mguu uleule wa kulia mbele, ambayo ndiyo njia ngumu, nikiwa juu ya maji mwanzo hadi mwisho.

Nilipokaribia ufukwe nilisikia watu wakiita, "Kinyume! Kinyume!" Ni jina lilelile, lakini siku hiyo lilikuwa la kwangu. Na nilimwona Kaka akipiga makofi ndani ya pingu, chuma kikilia.

Mwenye banda alimwambia Sajenti, "Nilifananisha."

"Usiniambie mimi," alisema Sajenti. "Mwenye ubao yule pale."

Alikuja kwangu akiwa anachuruzika maji. Alitazama chini. "Binti, nilifananisha. Nisamehe."

Nilikumbuka alichosema asubuhi mbele za watu. Nikamtazama machoni nikasema kwa sauti, wote wakasikia, "Shikamoo, mzee."

Alijipangusa maji usoni. Kisha akaitika, "Marahaba."

Askari alikuwa ameshaanza kufungua pingu.

Niliyoandika hapa ndiyo niliyoyaona, niliyoyasikia na niliyoyafanya. Sina la kuongeza, ila kwamba tulirudi nyumbani watatu.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)
Mama wa shahidi, aliyekuwapo: (ametia sahihi)

Maelezo ya ofisa: Shahidi ameandika kwa mkono wake. Mtuhumiwa ameachiwa, na mlalamikaji ameondoa lalamiko lake. Ubao wake uliopotea bado unatafutwa. Ubao mweupe umekabidhiwa kwa mwenyewe, mkanda wa mbele ukiwa umerudishwa mahali pake. Nilimsomea shahidi maelezo haya kwa sauti ili ayathibitishe. Alinikatiza mara moja, kwa sauti iliyosikika hadi mahabusu. Nilikuwa nimesoma mguu wa kushoto.