Shemeji Mlevi Ini Safi, Mimi wa Soda Nimefeli

Kuhusu ini la binadamu, wasomaji wangu, hakuna daktari wa kunifundisha mimi Babu Chokochoko. Nalijua kama ninavyolijua jina la mama yangu.

Haya, nimedanganya. Mpaka juzi niliamini ini liko kushoto, na kila nikishiba nilikuwa napapasa kushoto nikilisifu kwa kazi nzuri. Barua hii ilipofika ikanibidi nibishe hodi kwa binti wa jirani anayefanya kazi maabara. Akaushika mkono wangu bila heshima yoyote, akauhamishia kulia, chini ya mbavu, akasema, “Babu, miaka yote umekuwa ukilisifu tumbo.” Kwa hiyo yale ya akili mtakayosoma hapa ni ya binti, na yale ya ukorofi ni yangu. Tuanze na barua.

*

Mpendwa Babu Chokochoko, naomba msaada kabla sijawa kichekesho cha ukoo mzima, ingawa naona nimeshachelewa. Mimi ni mkaguzi wa chupa kwenye kiwanda cha soda, kazi yangu ni kukaa mbele ya taa nikiangalia chupa zinavyopita na kuitoa ile iliyopungua au iliyobandikwa lebo upande, na hizo haziruhusiwi kuuzwa, kwa hiyo sisi wa zamu tunazinywa, ni haki yetu, lakini pombe tangu nizaliwe haijapita kwenye koo langu, wacha hiyo, hata dawa ya kikohozi nasoma kwanza imetiwa nini. Sasa mke wangu ana kaka yake, fundi wa makochi, mtu mwema mwenye mkono mwepesi na kicheko cha kuita majirani, tatizo lake ni moja tu, anakunywa kama mtu anayezima moto, na mimi nimemsema mpaka sauti imenikauka, na kila nikimsema ananijibu kwamba najifanya malaika kwa sababu sijapimwa.

Basi siku moja tumekaa sebuleni kwa mama mkwe, watu wamejaa mpaka kwenye mikono ya viti, nikapandwa na hasira nikasema mbele ya wote, haya, shemeji, twende tukapime ini, mimi na wewe, siku moja, maabara moja, na majibu yafunguliwe hapa hapa kwenye meza hii mama akisikia. Nilijua nimemkamata. Akakubali huku anacheka, tukaenda, tukatolewa damu, tukarudi na bahasha zimefungwa kama nilivyotaka mwenyewe, akapewa mdogo wake mke wangu asome, akafungua ya mlevi, vimeng'enya vya ini viko kawaida, vyote, akafungua yangu, Babu, mstari baada ya mstari una alama nyekundu, viko juu mara mbili ya kiwango. Halafu mama mkwe, ambaye namheshimu mno, akaniangalia kwa huruma akasema, “Mwanangu, kama unakunywa, kunywa mbele yetu kama mwenzako. Huko kujificha ndiko kunakokumaliza.”

Tangu siku hiyo nyumba haina amani, mke wangu akinipokea mlangoni ananipiga busu lakini nasikia kabisa anavuta hewa, amepekua begi langu la kazi, amewauliza wenzangu, na majuzi nimemkuta jikoni ananusa chupa yangu ya maji, mimi nimesimama nyuma yake sijui nikohoe au niondoke. Nimenunua dawa ya mizizi ya kusafisha ini kwa mtu anayeiuza kwenye dumu, chungu haisemeki, nakunywa asubuhi na jioni, lakini kurudi kupima naogopa. Shemeji naye ile karatasi yake ameitia kwenye fremu kaitundika karakanani juu ya cherehani, mteja akiingia anaoneshwa hiyo kwanza ndipo vitambaa, na siku hizi anaanza kunywa asubuhi, anasema ana kibali cha daktari.

Lakini kuna jingine ambalo sijamwambia mtu. Wiki iliyopita nilipita karakanani nikamkuta amevua viatu, miguu imevimba, akajibonyeza kwa kidole ili kunichekesha, shimo likabaki pale pale halijai, na tumbo limemtangulia wakati mikono imekonda, akasema ni uzito wa heshima. Nikisema, wataniambia nina wivu wa karatasi. Nikinyamaza, usingizi sipati. Nifanye nini, na je, maabara wanaweza kuchanganya damu za watu wawili?

Mnywa Soda Aliyeonewa

*

Mnywa Soda, pole. Nimecheka mpaka nikashika meno yasitoke, maana yaliyobaki nayategemea. Ulimchimbia shemeji yako shimo, ukaalika watu waje kulitazama, ukamkalisha mama mkwe mstari wa mbele, kisha ukaingia mwenyewe na bahasha mkononi. Wahenga walishasema mchimba kisima huingia mwenyewe, ila sidhani walimwona wa kuingia kwa mbwembwe namna hiyo.

Damu haikuchanganywa. Kilichochanganywa ni akili zenu. Mlichukua karatasi ya hospitali mkaifanya ripoti ya shule, mwenye alama nzuri apigiwe makofi na mwenye alama nyekundu aitwe pembeni. Binti wa jirani anasema hivyo vimeng'enya makazi yake ni ndani ya ini, na vikionekana vingi kwenye damu maana yake kuna mahali panavuja. Basi. Karatasi haikutajii aliyetoboa, wala haikwambii nyumba imechakaa kiasi gani. Na ini lililokwisha kugeuka makovu linaweza kabisa kukupa majibu masafi, kwa sababu nyumba iliyoungua ikaisha haitoi moshi. Hapo mimi mwenyewe nilimwomba arudie.

Tuje kwako. Hujaonewa hata kidogo. Ini halijui kuwa soda ni kinywaji cha watu wema. Linapokea sukari, linageuza mafuta, na mafuta yakikosa pa kwenda yanapanga chumba humo humo. Wewe umekaa kwenye kiti zamu nzima, unakunywa haki yako, kisha unashangaa umepata mpangaji. Lakini usikimbilie kuilaumu soda peke yake. Kuna virusi vya homa ya ini vinavyokaa kimya miaka na mwenye navyo hana habari, kuna dawa za kununua bila kuulizwa, na hata mtu aliyebeba mizigo mizito jana yake, misuli yake humwaga baadhi ya hivyo vimeng'enya. Ndiyo maana kipimo hurudiwa, hivyo virusi navyo hupimwa, na hupigwa ile picha ya tumbo ya kupakwa mafuta ya baridi. Kuogopa ruksa. Kutokwenda ndiyo marufuku.

Na hiyo mizizi ya dumu, acha leo. Bakiza kidogo umpelekee daktari aione, kwa sababu dawa nyingi za kusafisha ini ndizo zinazolichafua. Nikuulize, mkaguzi mzima: chupa isiyo na lebo ikipita mbele ya taa yako si unaitoa? Sasa mbona mdomoni kwako imepita?

Mke wako usimkasirikie. Mwanamke anayekupiga busu la upelelezi bado anakupiga busu. Siku akiacha kunusa ndipo uniandikie mbio mbio. Siku ya kwenda kwa daktari nendeni wote, akae kiti cha mbele, asikie kwa masikio yake kwamba ini hunona hata bila bia.

Niache utani kidogo. Nilipofika kwenye mguu unaobonyea na shimo likabaki, binti wa jirani aliacha kucheka. Akasema huyo apelekwe wiki hii, asingoje mwisho wa mwezi, na akianza kuwa wa njano machoni, akitapika damu au akiongea maneno yasiyo na kichwa wala miguu, apelekwe saa hiyo hiyo. Linaweza kuwa ini, unaweza kuwa moyo, zinaweza kuwa figo. Ile fremu ukutani haijui. Wewe umeona, na uliyeona ni wewe peke yako.

Unaniambia unaogopa kuitwa mwenye wivu. Mbona siku ile sebuleni hukuogopa kuitwa mchongezi? Mdomo wa kumwaibisha mbele ya mama yake uliupata bila kuutafuta. Huu wa kumwokoa ndio umekuwa mzito.

Sikiliza sasa, na ufanye kama nilivyosema, usiongeze chumvi. Usiende kumhubiria, kwa sababu huyo ameshinda, na mshindi hasikii mahubiri. Nenda kama ulivyo, mshindwa. Mkute karakanani, ukae kwenye kochi lililochanika, umwambie, “Shemeji, majibu yangu mabaya na naogopa kurudi peke yangu. Nisindikize.” Atakucheka. Atakutania njia nzima, atamsimulia kila mtu mnayepishana naye, na wewe umwache acheke, kwa sababu muda wote huo miguu yake inampeleka unakotaka. Mkishaingia ndani na mlango ukafungwa, sema ya kwako kwa ufupi, kisha useme, “Daktari, naomba umtazame na huyu miguu.” Atakukasirikia, na pengine itakuwa kwa muda mrefu. Ni afadhali shemeji aliye hai akununie kuliko mkakaa wote tena kwenye ile sebule mkimsifu. Na pombe asiiache kwa kishindo siku moja ili kukukomoa. Mnywaji wa asubuhi akikata ghafla mwili unaweza kumgeukia vibaya. Daktari ndiye amwelekeze aache vipi.

Nenda Jumatatu, kabla hujapata sababu nyingine.

Na sasa haki yangu. Ushauri huu hukuulipia, kwa hiyo nakudai kitu kidogo. Mkiwa mmekaa kwenye benchi la kusubiri, piga simu hapa gazetini, uniulizie, kisha umpe shemeji yako simu. Sina la kumwambia. Nataka tu anicheke na mimi, nimsikie.