Cha Sita Nilikificha Ndani ya Unga

Mjukuu wangu Neema,

Watu wengi hukosea wakidhani kwamba wivu unahitaji mume. Mimi mume wangu nilimzika Pweto kabla hatujakimbia Kongo, na wiki hizi tatu nimekuwa na wivu wa kukosa usingizi. Wivu wenyewe ni wa kitabu. Niache nieleze taratibu. Unajua ualimu haujanitoka.

Unakumbuka tulivyofika kambi ya Mantapala, huku Zambia, na vile vitabu vinne vya Kifaransa ndani ya sufuria, vimefungwa kwa kitenge changu? Wenzetu walibeba mahindi. Sisi tulibeba hadithi za Liora na Senne, wasichana wawili wanaogawana uchawi mmoja: Liora anajua neno, Senne anajua ishara ya mkono, na hakuna anayeweza kitu peke yake. Ulikuwa na miaka tisa, Kifaransa hukijui. Nilikuwa nasoma sentensi kimoyomoyo, kisha nakuambia kwa Kiswahili chetu huku tukimenya mihogo. Nikinyamaza, unanigonga goti mimi bibi yako: "Kisha, Kambo? Kisha?"

Na mke wa shemasi, jirani yetu, alivyosimama mlangoni ameshika kiuno! "Mwalimu, unafundisha mutoto bulozi muchana kweupe?" Nikamweleza kwamba bulozi, uchawi wa kuogopwa, hufanywa kwa siri ili kumdhuru mtu, na huu umeandikwa kwenye karatasi kila mtu auone. Hakukubali. Lakini alikaa, maana alitaka kujua Senne ametorokaje gerezani, na kesho yake alikuja na kisu chake cha kumenyea.

Kwetu bibi na mjukuu wa kike hutaniana kama wake wenza. "Weye mukewenza, umemaliza mafuta yote!" nakuambia. Nawe: "Bwana hakutaki tena, Kambo, meno yameisha." Nilidhani utani huo umenizoesha. Kumbe wivu wa mchezo haumkingi mtu na wivu wa kweli.

Ulipoingia bweni Nchelenge ukapata rafiki, Bwalya wa Mununga, ambaye mama yake anaanika chisense, wale samaki wadogo, nilifurahi. Kisha ukaja likizo iliyopita. Ukiwa unasonga bukari, ukasema bila hata kugeuka, "Senne hakukufa, Kambo. Alikuwa ndani ya kisima."

Cha nne kiliishia Senne akizama. Miaka yote hiyo tulibishana kama amekufa.

"Umejuaje?"

"Bwalya alikuwa na cha tano, cha Kiingereza. Tulikisoma. Aa, si nilikuambia?"

Hukuniambia. Bukari ya siku ile niliila kama udongo. Kilichoniuma ni kwamba ulipofika mahali pale pa hadithi, uligonga goti la mtu mwingine.

Sasa kosa langu. Binamu yako alileta cha sita, cha mwisho, kutoka Lubumbashi. Ulipopiga simu ukauliza, "Kambo, cha sita hakijapatikana?" nikajibu, "Bado, mama." Kilikuwa ndani ya mfuko wa unga wa mihogo, chini kabisa. Nilijua unataka kwenda Mununga kwa kina Bwalya likizo ijayo, nikasema moyoni: nitakitoa siku atakayopanda gari kuja kwangu. Nilitaka kukuvuta kwa kitabu kama mbuzi anavyovutwa kwa majani.

Juzi nilianza kukisoma peke yangu. Kurasa kumi na mbili. Maneno yote niliyaelewa, na hakuna lililonichekesha. Nilinyamaza mahali pa kunyamaza, hakuna aliyeniuliza kitu. Nikakifunga, nikakung'uta unga. Mwanafunzi ningemweleza jambo hili kwa dakika moja, mimi limenichukua wiki tatu: ninachokililia hakimo ndani ya kitabu, na kukificha kitabu hakukirudishi.

Anayekuletea barua hii amekibeba. Bwalya hajui Kifaransa, kwa hiyo kazi ya kutafsiri ni yako sasa, kwa Kifaransa nilichokufundisha tangu hapo. Mwambie kwa Kibemba, na ukikwama kwenye neno usiliruke, nipigie. Mununga nenda, nimekuruhusu. Ila usidhani nimepona. Nikiwaza sauti yako ikimsomea msichana yule, bado inaniuma, na heshima zake zote anaponisalimia kwenye simu hazinisaidii. Wivu huu nitakaa nao mwenyewe hapa nyumbani, ni wangu. Kitabu si changu peke yangu.

Leo, masomo yakiisha, kaa na Bwalya umsomee sura ya kwanza kwa sauti.

Kambo wako