Picha Iliyokuwa Ukutani Makambako

Dar es Salaam

Mama yangu mpendwa,

Kamwene, mama. Naomba barua hii ikukute umemaliza kuanika mahindi na lile goti limetulia. Mimi huku mzima, nakula, nalala, nakwenda kazini. Joto ni lile lile lililokukimbiza siku ya tatu, ukasema watu wa huku wanachemshwa bila sufuria. Kaka Lusungu ameniambia bati la jikoni limeshapigiliwa. Nimefurahi, au nadhani nimefurahi. Siku hizi sijui vizuri.

Nimeandika herufi kubwa ili usome mwenyewe. Usimpe shangazi akusomee, maana kuna jambo ambalo kwenye simu nilishindwa kulisema. Jumapili uliponiambia kuwa Ijumaa utakwenda Makambako, pale benki, kumwona baba, nilijibu "sawa mama," nikakata simu, nikaendelea kupiga pasi. Nilimaliza nguo zote.

Usiende, mama. Picha haipo tena.

Nianze mwanzo ili unielewe. Unajua benki yetu imeunganishwa na hii kubwa ya huku, na ndiyo sababu nilihamishwa kutoka Njombe. Wakubwa walitaka kijitabu cha kuieleza benki ile ya kwetu, ilikotoka na ilivyokua, wakasema Tumaini ni wa kule, aandike yeye. Nikaandika. Niliandika kwamba ilianzishwa na wakulima wa viazi na wapasua mbao waliochoka kuficha pesa kwenye magunia. Niliandika walivyokutana kwenye ukumbi wa usharika, wakanunua hisa kidogo kidogo, wakapanga chumba kimoja karibu na soko la Njombe, halafu wakafungua tawi Makambako kwa sababu wafanyabiashara wote wa barabara kuu walikuwa pale. Niliandika walivyopata leseni ya kuwa benki ya biashara kamili. Bosi wangu alisoma akasema imekaa vizuri, ila nipunguze watu.

Nikapunguza watu. Nilitoa ile habari aliyopenda kuisimulia baba, kwamba mkutano wa kwanza Wakatoliki walikaa upande wao na sisi Walutheri upande wetu, hakuna aliyetaka kutangulia kutoa shilingi, mpaka padre na mchungaji walipokaa benchi moja. Nilitoa na kaunta ya mbao za paini aliyoichonga baba bila malipo, ile iliyomla ncha ya kidole cha shahada siku msumeno ulipoteleza. Bosi alisema wasomaji hawahitaji kujua nani alichonga kaunta. Sikubisha.

Wiki hiyo hiyo nikapewa waraka wa kuandika kwa matawi yote. Rangi mpya, vibao vipya, na "picha na mabango yote ya zamani yaondolewe kabla ya mwisho wa mwezi." Hayo maneno ni yangu, mama. Niliyaandika asubuhi, nikala chapati, nikayatuma. Ile picha ya waanzilishi siku ya kufungua tawi, aliyomo baba, haikunijia kichwani hata kidogo. Miaka yote nimekuwa nikikutania kwamba wewe ni mteja pekee anayepanga foleni, akifika dirishani anasema amesahau kitabu, anarudi mwisho wa foleni ili aendelee kutazama ukuta. Hata mlinzi alishazoea kukusikia ukisema "kamwene, baba Tumaini." Nimelisimulia jambo hilo hapa ofisini, watu wakacheka, nikacheka nao. Na bado nikaandika.

Baada ya simu yako Jumapili sikulala vizuri. Jumatatu nilimpigia meneja wa Makambako.

"Ile picha ya wazee iko wapi?"

"Dada Tumaini, si mlisema tuondoe? Mafundi wa rangi walibeba makaratasi yote ya zamani na fremu zile, wakachoma kule nyuma."

"Zote?"

"Zote, dada. Nilitekeleza waraka wako."

Alinijibu kwa heshima kabisa. Nilimshukuru, nikaagiza chai, nikainywa yote. Tangu siku hiyo nimewapigia watoto wa wale wazee wengine, hakuna mwenye nakala. Mpiga picha mwenyewe alishafariki. Kule nyumbani hatuna kitu, unajua. Baba hakupenda kamera, na kile kitambulisho cha kura tulimzika nacho kwenye mfuko wa ndani wa lile koti jeusi, tukakumbuka siku ya tatu.

Kuna kimoja tu kilichobaki. Nilipokuwa naandaa kijitabu nilimwomba meneja huyo huyo anipigie kwa simu picha ya mwenyekiti wa kwanza, nikamwambia nataka mwenyekiti peke yake, wengine wasionekane. Akasogea karibu na ukuta akampiga picha mzee yule, na ile suti yake ya kwendea misa. Kijitabu kimetoka juzi, kwa karatasi nzito inayong'aa. Nimekifunga pamoja na barua hii, Lusungu atakipokea kwa kondakta stendi ya Makambako.

Fungua ukurasa wa nne. Maneno yaache, niliyaandika mimi na hayana kitu. Tazama bega la kushoto la mwenyekiti. Kuna mkono umewekwa pale, unaanzia kwenye kiwiko, na kidole cha shahada hakina ncha. Uso nimeukata mimi kabla hata haujachomwa.

Sijalia, mama. Nimesubiri nilie, sioni chochote kikija, na hilo linaniogopesha kuliko waraka wenyewe. Naogopa pia utakaponipigia useme "si kitu mwanangu," kwa ile sauti yako ya msibani. Ukikasirika, nikasirikie tu. Nitaona afadhali.

Mpe shangazi pole ya nguruwe wake waliokufa, na umwambie fedha za dawa nilizituma kwa Lusungu. Mke wa kaka unisalimie sana, na mdogo wangu Neema anayesoma uuguzi Tandala avae sweta, asijifanye wa mjini. Mchungaji naye umwambie bado nasali, ingawa nakaa benchi la nyuma.

Ukiuona ule mkono, usalimie kwanza. Mimi nimejaribu kusema kamwene, sauti haikutoka.

Mwanao aliyeandika ule waraka,
Tumaini