Mpira wa Breki Ambao Sikuuandika

Jumanne, 8 Aprili 2025

Fundi Tito amemaliza. Gari la marehemu baba limepanda inchi nne — springi ndefu, shokapu ndefu, matairi mapana. Orodha ya vifaa niliandika mimi. Nafundisha fizikia, nilipima, nikapiga hesabu. Tito hakuongeza wala hakupunguza. "Madam kaandika, mimi nafunga." Mdogo wangu Mwinyimadi, atakayelitumia kubebea mananasi ya Kibuta masika haya, anasema sasa hata wazee wa Visiga watamwamkia yeye. Mama kaletewa kigoda cha kukanyagia. Kauliza anapanda gari au mnazi.

Alhamisi, 10 Aprili

Leo Mwinyimadi alipotoka, tairi la nyuma lilining'inia kwenye mtaro wa getini. Niliinama nikachungulia. Shokapu mpya zinaacha gurudumu lishuke mno, na mpira wa breki unaopeleka mafuta gurudumuni, ule ule wa zamani, ulikuwa umekaza kama kamba ya mbuzi mkorofi. Kwenye lami hutauona. Kwenye makorongo ya Kisarawe utavutwa njia nzima.

Kwenye orodha yangu haumo.

Nilimpigia Tito, nikajifanya naulizia gari la mwalimu mwenzangu. Ukikatika je? Akasema pedali inazama hadi chini, breki huna. "Lakini lenu limepigiwa hesabu, madam. Nyie laleni usingizi."

Nikacheka naye. Nilicheka!

Ijumaa, 11 Aprili

Nilipanga kusema baada ya swala. Mwinyimadi karudi na wenzake wawili wa msikitini, kawainamisha waone springi. "Kazi ya dada huyu. Injinia wa nyumba nzima." Wakanitazama. Nikaingia jikoni.

Kesho anampeleka mama Kibuta kumjulia hali shangazi Biubwa. Nitasema asubuhi, akiwa anapasha injini moto.

Jumamosi, 12 Aprili

Wameondoka nikiwa bafuni. Nilisikia honi. Nilitoka na kanga inachuruzika, getini pameshabaki alama za matairi tu.

Saa tatu nilipiga, mama kapokea simu. Wako Kisarawe mjini, wanakula vitumbua. Nikasema mpe Mwinyimadi. "Yuko nje anajibu maswali ya watu kuhusu gari. Una nini wewe?" Nikasema mwambie aende polepole. Polepole! Maneno yenyewe yalikuwa mdomoni, nikayameza.

Saa nne na robo umeingia ujumbe wa sauti. Mwinyimadi. Injini inanguruma, mama anamsimulia mtu habari za shangazi. "Dada, pedali imekuwa laini. Nakanyaga mara mbili ndiyo inashika. Ni springi mpya bado hazijakaa, eti? Tuko juu ya mteremko wa mtoni, mvua imechimba kweli. Mama anasema twende. Nakusikiliza wewe."

Nilipiga. Haipatikani. Nikapiga tena. Nikaandika: Usiteremke. Mshushe mama. Mpira wa breki niliusahau mimi, na tangu juzi najua.

Saa nne na dakika arobaini. Naandika hapa, simu iko mezani mbele yangu. Tiki ya ujumbe wangu bado ni moja, haujamfikia.